Mshirika Mkubwa wa Falaj ya Sidaira

Kwa furaha isiyo kifani, Kamati Kuu ya Mradi wa Umeme wa Maji inawatangazia wananchi wote, kutoka Nizwa hadi Ibra na kushuka mpaka Sur, kwamba mwaka huu wa 1996 umemalizika kwa mafanikio makubwa. Bwawa limekamilika. Ukuta wake ni mrefu kuliko mnara wa msikiti na mnene kuliko ngome. Lililobaki ni suala la maji tu.

Mimi, Marhoun, Mkurugenzi wa Ushirika, ndiye niliyepewa heshima ya kuandika tafakuri hizi za kufunga mwaka. Nilizaliwa Tabora, nikasomea ukarani, nikarudi Omani na cheti changu, na tangu hapo sijakalia kiti kisichozunguka.

Mahasidi wanauliza: bwawa la umeme kwenye wadi, bonde kavu lisilo na mto, la nini? Jawabu ni jepesi. Mwenyekiti wetu, Sheikh Ishak, alisafiri hadi Kanada akaoneshwa bwawa la ajabu lililojengwa kwa ushirika na Wakrii, wenyeji wa nchi ile tangu na tangu. Akarudi na picha. Katika picha mlikuwa na ukuta, washirika, na karamu ya mwisho wa mwaka. Mto haukuonekana, kwa sababu Mwenyekiti mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake, na Mwenyekiti ni mtu wa mwili. Basi sisi tukajenga kilichoonekana.

Ukuta ukasimama. Tukateua Afisa wa Mandhari ya Ziwa. Afisa wa Samaki tukamtoa Sur, kwa kuwa bahari anaijua. Kila asubuhi alikuja na nyavu zake, akazikung'uta vumbi, akatia saini, akaenda zake. Mwaka wa kwanza mvua haikunyesha. Mwaka wa pili ilinyesha, lakini ilinyesha Al Hamra, nje ya mamlaka yetu.

Kilichotuumiza kichwa ni washirika. Tuliwapelekea Wakrii faksi tukaomba watuazime kumi na wawili, wenye uzoefu. Walitujibu kwa adabu kabisa: mshirika haagizwi ng'ambo; mshirika ni yule mwenye ardhi na maji unayoyataka; na wao wenyewe walibishana miaka na miaka, hata mahakamani, kabla ya watu kukaa meza moja. Mwenyekiti aliisoma faksi ile mara mbili.

"Hiyo meza itieni," akasema. "Hiyo mahakama itoeni."

Tukatafuta mwenye maji. Yalikuwako Sidaira, kijiji kilicho chini ya ukuta wetu, yakipita ndani ya falaj, ule mfereji ambao mababu waliuchimba chini kwa chini kutoka mlimani mpaka mashambani. Pale kila mtu ana fungu lake, na fungu hupimwa kwa wakati: asubuhi maji ni ya huyu, alasiri ni ya yule, na kila siku nane zamu inarudi mwanzo. Mpango wetu haukuwa na makuu. Falaj yote ingeingia bombani, bomba lingezungusha mashine, na watu wa Sidaira wangehamia nyumba mpya kando ya barabara kuu, nyumba zenye namba.

Nikaenda mwenyewe kuwapa bishara njema. Nilianza kwa Bi Turkiya, mjane aliyekwisha pita sabini, mzaliwa wa Unguja. Nilimkuta shambani kwake chini ya mitende, kakunja nguo mpaka magotini, anaelekeza maji kwa jembe.

"Shikamoo, Bi Turkiya."

"Marahaba, mwanangu. Viatu vyako viache huko, usinikanyagie jaluba langu la vitunguu."

"Bibi, Kamati imeamua kwamba nyinyi ni washirika wetu."

"Alhamdulillahi. Washirika wa nini?"

"Wa umeme."

"Mbona umeme tunao? Waya si ule pale!"

"Ule ni wa gesi, Bibi. Huu utakuwa wa maji."

"Maji yepi?"

Nikamwonesha yale yaliyokuwa yakipita baina ya miguu yake.

Alikaa kitako pale pale kwenye udongo. "Sikiliza, Marhoun. Mie Unguja nimetoka na begi moja na kanga niliyovaa. Mitende hii ya marehemu baba nimeikuta magogo, watu wananicheka, nimeinywesha mpaka imefufuka. Leo unataka nihame tena? Wallahi sihami. Mtu huhamishwa mara moja, basi."

Nilitia katika kumbukumbu kwamba mshirika amezipokea habari kwa hisia.

Siku ya pili tuliitwa sabla, baraza la kijiji, tukakaribishwa tende na kahawa na Thani, wakili wa falaj, yaani mtu anayesimamia zamu za maji na kuamua magomvi yake. Ana sauti ndogo, hata umwinamie ndiyo umsikie.

"Ya Sheikh Ishak," akasema, "ukichukua kwa nguvu watu watasema. Ingia mshirika kama sisi. Chukua robo ya falaj, na ada zetu za tangu mababu ziwe juu yako kama zilivyo juu yetu."

"Robo?" Mwenyekiti alitema kokwa ya tende. "Mimi mtu wa robo? Kamati lazima iwe mshirika mkubwa. Nusu!"

Thani alimmiminia kahawa taratibu. "Nusu, khalas. Na ada?"

"Ada zote!" akasema Mwenyekiti, aliyekuwa akidhani ada ni kujua nani huanza kupewa halwa.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa ushirika wetu. Sisi tulipata siku nne za mwanzo wa zamu, wao wakapata nne za mwisho, na kijiji hakikuhama. Ni kweli kwamba kiangazi kilipokolea mitende ya Bi Turkiya ilianza kugeuka manjano, ile safu ya mwisho hasa, na kwamba yeye alikuwa akisimama nayo kila jioni, kaishika shina kama mtu aliyekaa na mgonjwa. Nilimweleza kwamba katika ushirika kila upande hujitolea. Alinitazama mpaka nikakumbuka nina mkutano Ibra.

Kuhusu umeme, injinia wetu Firas, kijana aliyezaliwa hapa hapa na Kiswahili chake ni cha kumsikia bibi yake, alileta taarifa ya kutia moyo.

"Ustadh, maji hii kidogo. Mashine inazunguka, lakini itawasha bango tu."

"Bango lipi?"

"Ile ya jina ya mradi. Ile kubwa."

Mwenyekiti alifurahi mno, maana bango lile linaonekana hadi barabarani. Papo hapo akamwalika Mheshimiwa kutoka Maskati aje kulizindua wiki ya mwisho ya Desemba.

Kwa ajili ya gari ya Mheshimiwa tulitengeneza barabara. Malori ya kokoto yalipita usiku na mchana juu ya ardhi ambayo chini yake inapita falaj, nayo ardhi, kwa kukosa ari ya ushirika, ikadidimia. Maji yakakatika. Mashine ikasimama, na vitunguu vya Bi Turkiya vikalala.

Thani alikuja ofisini, akakataa kiti.

"Falaj imeziba kwa tope," akasema. "Ada yetu ni hii: ikiziba, kila mwenye maji anachimba kwa kadiri ya fungu lake. Watu wa kijiji wamekwisha ingia tangu alfajiri. Nyinyi mna nusu ya maji. Nusu ya tope ni yenu."

"Leteni kijiko, mashine ya kuchimbia!" Mwenyekiti akaamuru.

"Kijiko itavunja yote iliyobaki," akasema Firas. "Lazima mikono."

Wachimbaji wenye kazi yao walikuwa Nizwa, wamekwisha kodiwa mpaka Ramadhani. Vibarua hatukuweza kuwalipa, kwani hesabu za mwaka zilikuwa zimefungwa, na hesabu zikifungwa Kamati haiwezi kununua hata sindano. Mwenyekiti akauliza kwa upole, upole ambao sikuwahi kuuona kwake, anafanywa nini asiyechimba.

"Fungu lake hunadiwa Ijumaa mbele ya msikiti," akasema Thani. "Na jina lake husomwa kwa sauti."

Basi tukaenda, Kamati nzima, na makoti yetu tukayatundika kwenye mkunazi. Bi Turkiya alikuwa amesimama mdomoni mwa shimo la kushukia falajini, anagawa majembe.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Nyinyi tumewastahi mwaka mzima."

Kazi ilipangwa kwa kufuata vyeo. Mwenyekiti alitangulia, lakini wakili aliomba arudishwe nyuma, kwa kuwa pale alipoinama hapakupita hewa wala karai. Afisa wa Mandhari ya Ziwa aliripoti kwamba haoni kitu. Afisa wa Samaki, kwa upande wake, alikamata visamaki vya falaj kwa kofia yake na akalia kwa furaha. Huo ndio uvuvi wa kwanza wa mradi, na umo katika takwimu. Mimi nilipokezana makarai na mkwewe Bi Turkiya, mgongo ukaniuma hata sikuweza kusujudu vizuri, na nikaona uchungu, nasema kweli, kwamba elimu yangu yote imeishia kiunoni mwangu.

Siku ya nne jioni Mheshimiwa akafika na msafara wake na mkasi wake juu ya mto mdogo wa mahameli. Hakukuta mtu bwawani. Alifuata sauti mpaka shimoni, akamkuta Bi Turkiya.

"Wako wapi wenyeji wangu?"

"Wamo humo, baba, wanashirikiana," akasema, akamwonesha chini.

Mwenyekiti hakuwa mtu wa kupoteza fursa. Alisoma hotuba yake yote kutoka huko huko kwenye tope, na kwa kuwa shimo linavuma, wanasema hakuwahi kusikika vizuri vile. Alikuwa amefika kwenye "enzi mpya" jua lilipozama, na tope likaachia. Maji yalitupita mapajani, tukapiga takbiri, tukapanda juu mbio kwenda kuiona mashine ikizunguka.

Haikuzunguka. Thani alikuwa ameziba njia ya bomba kwa jiwe na matambara, na maji yote yalikuwa yakiingia shambani kwa Bi Turkiya.

"Maji yetu hayo!" Mwenyekiti akapiga kelele.

"Siku zenu nne zimekwisha mkiwa chini," akasema Thani. "Jua limezama, zamu ni yake. Zamu haingoji mtu, ya sheikh."

Mheshimiwa akamgeukia Bi Turkiya, mkasi mkononi. "Bibi, niazime nusu saa tu, niwashe bango nirudi Maskati."

"Mheshimiwa, mitende yangu imengoja kiangazi kizima. Nawe ngoja siku nne." Kisha akamwonea huruma, maana ni mtu wa watu. "Lakini usirudi mikono mitupu. Njoo ukate vitunguu."

Mheshimiwa alikata vitunguu. Alipigiwa makofi. Aliondoka na kikapu kizima.

Usiku ule ule Kamati ilikutana, bado imelowa, na ikaazimia kwa kauli moja kurejesha nusu yote ya falaj kwa wenyewe, bure, pamoja na shukrani. Kulipokucha tukaenda sabla. Thani alisema wamefurahi, ila jambo zito kama hili haliamuliwi kwa pupa. Wameunda kamati. Mwenyekiti wake ni Bi Turkiya. Mpaka itakapotoa uamuzi, maji ya siku zote nane yatakwenda kijijini kwa muda, na nusu ya tope lililosalia falajini itabaki kwetu, nayo ni kwa muda.

Kamati hiyo imekwisha kutana mara kadhaa, tunasikia vikombe vya kahawa tukiwa chini. Safu ya mwisho ya mitende imeanza kurudisha kijani. Jana nilimsubiri Bi Turkiya nje ya sabla, karai kichwani, nikamwamkia, nikamwuliza kwa niaba ya Kamati Kuu tungoje mpaka lini.

"Mpaka tope liishe, mwanangu," akasema. "Haya, shuka, wenzio wanakungoja."