Injinia na Maikrowevu Tisa

Injinia hakuwahi kukanyaga darasa la uhandisi, lakini jina alilipata kihalali: hapakuwa na uongo mbovu ambao hakuweza kuutengeneza ukasimama. Siku hiyo alikwenda kwa fundi cherehani kushonewa mfuko wa suruali, akamkuta anapasha chakula. Fundi alibonyeza kitufe cha maikrowevu, akatoka mbio hadi barazani, akachungulia dirishani mpaka mashine ikalia tii.

"Kulikoni, fundi? Unamkimbia nani?"

"Ndugu yangu, wanasema ukisimama karibu inakuchoma ini. Kweli au uongo, sijui, ila ini ninalo moja tu."

Injinia akasahau habari ya mfuko. Mtu aliyekwisha kujitisha mwenyewe hahitaji kubembelezwa.

Kesho yake alirudi na koti jeupe na kipima-mionzi. Kipima-mionzi chenyewe kilikuwa redio ya betri iliyopakwa rangi nyeusi. Ukiisogeza redio ya namna hiyo karibu na maikrowevu inayofanya kazi, huenda ikakwaruza. Karibu na feni pia huenda ikakwaruza, lakini fundi hakuuliza habari za feni.

"Kwarrrr!" ikasema redio.

"Umesikia?" Injinia aliuliza kwa sauti ya msibani. "Hapo uliposimama, kaka, unaiva."

"Mama yangu! Sasa nifanyeje?"

"Usiiuze, utaua mtoto wa mwenzio. Mimi nazikusanya na kwenda kuzizika mbali. Bure kabisa, thawabu yangu iko kwa Mungu."

Fundi akambebea hadi mlangoni, akashukuru. Akafuata kinyozi, akafuata mwalimu, na kabla wiki haijaisha chumba cha Injinia cha kupanga kilikuwa na maikrowevu tisa. Jumamosi angekuja mnunuzi kutoka ng'ambo ya mji. Injinia angefungua kibanda chake cha simu, na mama yake asingehitaji tena kuwaambia majirani kwamba mwanawe yuko masomoni. Hilo la mama lilimuuma kweli, hata tapeli ana moyo.

Lakini uongo una miguu, na huu ulirudi nyumbani Ijumaa. Mama mwenye nyumba alikuwa shangazi yake fundi. Alikuja mlangoni na wapangaji wote nyuma yake, fundi akiwa mbele ameshika ini.

"Mwanangu, humo ndani mna maikrowevu, hamna?"

"Zimo, mama. Zinasubiri kuzikwa."

"Wajukuu zangu wanalala nyuma ya ukuta huu. Sema mbele ya watu: ni hatari au si hatari?"

Injinia alipiga hesabu haraka. Akisema ni salama, fundi angedai maikrowevu yake, kisha angemshika kola ya shati.

"Hatari kidogo, mama."

"Kidogo ya nani? Mpwa wangu ulimwambia anaiva!"

"Hatari sana," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi hazilali hapa. Kaka yangu ana pikapu, ataenda kuzizika."

Hakuna mpangaji aliyethubutu kuzigusa. Injinia alizibeba mwenyewe, moja moja, wenzake wakimpa pole. Alipoomba kuandamana na pikapu, mama mwenye nyumba alimpapasa bega.

"Wewe umeshaiva vya kutosha, baba. Pumzika."

Siku chache baadaye njaa ilimfikisha kwenye mgahawa mpya kando ya stendi. Maikrowevu nane zilipangwa ukutani, zote zimepakwa rangi ya machungwa. Mama mwenye nyumba alikuwa ameegemeza kiwiko juu ya moja iliyokuwa inanguruma.

"Mama! Hizo si zile—"

"Ya fundi nimemrudishia. Hizi nyingine, nenda kawaambie wenyewe kwamba uliwadanganya, waje wachukue."

Injinia akaacha habari ya mashine. Lakini udadisi ulimshinda. "Ulijuaje?"

"Mlango ukifunga sawasawa, haukupinda wala kuvunjika, mawimbi yanabaki ndani, na ukizima yanakwisha. Tena kila asubuhi nilisikia tii ukutani, unapasha chai. Mtu anayepasha chai kwenye sumu sijamwona."

Akamwonyesha wateja waliojibanza nje, kila mmoja akisubiri mwenzake atangulie.

"Uoga huo umeupanda wewe, utauvuna wewe. Vaa koti lako, usimame hapa. Ujira wako sahani ya mchana."

Basi Injinia akasimama, kiuno kikigusa mashine, akasema ukweli kwa mara ya kwanza katika kazi zake zote. "Ni salama, ndugu zangu. Karibuni." Watu wakamtazama, wakaona hajafa, wakaanza kuingia.

Kati yao alikuwamo bibi mmoja mwenye mkoba. Alimwona kijana wa koti jeupe kando ya mitambo inayonguruma, akashika kifua.

"Majirani, njooni!" akaita nje. "Si niliwaambia mwanangu yuko masomoni?"

Injinia alitaka kulivua koti. Mama mwenye nyumba akamfunga kifungo cha juu.

"Hodari sana huyu, dada," akamwambia yule bibi. "Bado ana miaka mingi ya kusoma hapa kwangu."