Boti Inayopiga Kelele kwa Kiitaliano

"Sikieni!" Redio alilipiga gazeti kofi pale kwenye mgahawa wa Donna Sarina. Ni kinyozi, na tulimpa jina hilo kwa kuwa husoma kwa sauti hata kwa watu wanaojua kusoma. "Leo saa sita wakaguzi wanapanda ile boti ya abiria, Sirena. Ikipiga mayowe tena, inaondolewa hapa bandari ya Messina, na nahodha wake anarudi kuwakatia abiria tiketi!"

Mzee Rocco, mvuvi wa samaki-upanga, alimega mkate, akauchovya kwenye granita yake, barafu tamu ya limau iliyosagwa. Nahodha huyo ni Letteria, binti yake wa pekee. Na malalamiko yaliyowaleta wakaguzi aliyapeleka Rocco mwenyewe.

Sisi humwita Mgiriki. Akiwa kazini huongea maneno ya Kigiriki tu, kama babu zake. Samaki-upanga, wanasema, anaelewa Kiitaliano, akikisikia, kwaheri.

"Kwa hiyo, Mgiriki," Redio akachokoza, "kosa la ile boti ni kupiga kelele kwa Kiitaliano?"

"Inapiga kwa lugha zote! Tangu Aprili sijaona hata mkia."

"Na kabla ya Aprili uliona mingapi?" Donna Sarina akauliza kutoka kwenye mashine ya kahawa.

"Mama wewe, pika kahawa."

Mimi nilikuwa nimerudi majuzi kutoka chuo kikuu. Hapa naitwa Profesa, wala si kwa heshima. Nikaona ni wajibu wangu kumtetea Letteria.

"Boti yenyewe haina kosa," nikasema. "Inanyanyuliwa na mabawa yaliyo chini ya maji. Maji yakipita juu ya bawa kwa kasi mno, mgandamizo unashuka, yanatokota yakiwa baridi. Vile vipovu vikipasuka, ndiyo kelele. Ila bawa la Sirena ni laini. Lazima kuna kitu kinayavuruga maji."

"Maji baridi yatokote?" Mgiriki akageuka. "Donna Sarina, kumbe unachoma gesi bure!"

"Ada yote ile," Redio akadakia, "mtoto karudi na supu isiyotaka moto!"

Walicheka mpaka vijiko vikalia. Letteria akaingia katikati ya kicheko, na sare yake, akaweka mezani kipande cha shaba, kikubwa kama kisosi. Ilikuwa medali ya Bikira Maria.

"Mpiga mbizi ameibandua sasa hivi kwenye ukingo wa mbele wa bawa," akasema. "Ilikuwa chini ya rangi. Mtu aliibandika Aprili, boti ilipopandishwa nchi kavu."

Redio akaishika, akaigeuza. "Mbona hii ndiyo ile ya kwenye mlingoti wako, Mgiriki?"

Mkate ukazama kwenye granita.

"Baba?"

"Kitu kinaruka juu ya maji, mwanangu! Na wewe umo ndani. Nilale usingizi vipi?"

"Umenibandikia kelele, kisha ukanishtaki kwa kelele!"

"Nilimshtaki mwenye boti. Wewe nilikuombea."

Letteria alimtazama, akataka kukasirika, akashindwa. Akambusu kwenye kipara, akaichukua medali. "Nitaitundika karibu na usukani. Na Bikira naye aone anakokwenda."

Saa sita tulijipanga kwenye ukuta wa bandari. Sirena ikatoka bandarini, ikaongeza kasi, ikanyanyuka. Ikatupita. Tulisikia injini tu. Yale mayowe hayakuwepo.

Mgiriki akajifuta macho. "Chumvi ya bahari."

"Bahari iko kule, swahiba," Redio akasema. "Hiyo uliyoshika ni granita."

"Haya, kelele zimekwisha," Donna Sarina akamwambia. "Kesho ukirudi mikono mitupu, utamsingizia nani?"

Mgiriki aliutazama mlango-bahari uliotulia, akafikiri sana, kisha akanivuta mkono.

"Profesa, mwanangu, wewe unajua kuandika. Kaa hapa nikutajie malalamiko. Anza hivi: kimya kimezidi, samaki wamelala."