Kadi ya Mboni kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya tisa nalala kwenye kochi. Mgongo umekuwa upinde. Mke wangu kasema sirudi chumbani mpaka mama yake anisamehe. Yote kwa sababu ya cherehani ya mama mkwe! Niliitengeneza kwa moyo mmoja, zikabaki skrubu saba tu.

Jumapili mama mkwe anatimiza miaka sabini. Nitampa kadi ya mkono. Jirani yetu mpiga picha kanionyesha kwenye simu mtindo wa mboni. Unakata dirisha kwenye kadi, unakunja vipande vya karatasi, unavibandika kimoja kimoja kwa kuzunguka mpaka kibaki kitundu katikati, kama mboni ya jicho. Unabandika kwa nyuma. Mbele huoni kitu mpaka umalize. Kazi rahisi!

Jumanne, 4 Machi

Si rahisi. Kadi ya kwanza nimekunja upande usiofaa. Ya pili imegandana na meza. Ya tatu imegandana na mimi.

Katikati ya balaa hilo kapita mwanyumba wangu, mpima ardhi, aliyemwoa dada ya mke wangu. Namwita Bwana Rula. Kaniuliza kama nimeumia kidole. Kisha kasema, kwa upole unaoudhi, kwamba yeye kamnunulia mama cherehani mpya. Cherehani! Mnafiki mkubwa!

Alhamisi, 6 Machi

Karatasi za dukani ngumu, zinapasuka kwenye mkunjo. Nimezunguka nyumba nzima kama kuku anayetaka kutaga. Chini ya kabati la mke wangu: mkebe wa biskuti. Ndani yake: barua zangu za uchumba! Karatasi ya samawati, laini ajabu, wino wa zambarau. Mwandiko wangu wa ujana ulikuwa nakshi tupu.

Nimejiuliza kama huu ni wizi. Nimejijibu kwamba barua ni zangu, mkono ni wangu. Nimekata zote. Kuzisoma? Nani ana muda?

Jumamosi, 8 Machi

Vipande ishirini na vinne. Katikati nimeweka karatasi ya chokoleti, ile ya rangi ya dhahabu. Imefifia, potelea mbali. Nimeigeuza kadi. Lo! Samawati inazunguka, wino unakimbilia ndani. Nimeitazama bila miwani. Miwani inanizeesha.

Mke wangu kaomba kuiona. Nimekataa, nimeifunga kwenye bahasha. Katabasamu! Kasema kesho mambo yakienda sawa, nirudishe mto chumbani.

Jumapili, 9 Machi

Cherehani ya Bwana Rula ilipigiwa makofi. Ikafuata kadi yangu. Mama mkwe akavaa miwani, akasifu rangi, akaniita mwanangu. Mwanangu! Nikauona mto wangu ukirudi kitandani.

Kisha akaanza kuizungusha kadi taratibu, akisoma kwa sauti mbele ya ukoo mzima. "Mama yako." Akazungusha. "Sauti kama honi ya lori." Akazungusha. "Chai yake maji ya kuoshea vikombe." Akazungusha. "Tukioana tuhamie mbali."

Bwana Rula akauliza kama kuna mengine kwa nyuma. Mimi nikasema nilikuwa kijana. Mama mkwe akasema kumbe cherehani ilikuwa utangulizi tu.

Mke wangu aliniuliza jambo moja: barua nyingine ziko wapi. Nilipomwambia, akalia.

Jumanne, 11 Machi

Kochi. Mke wangu hasemi nami. Kumbe kila mwaka alikuwa akizitoa barua zile na kuzisoma peke yake, pamoja na matusi yaliyomo. Sikuwahi kumwandikia nyingine. Imeniuma kweli, siwezi kukaa, siwezi kusimama.

Lazima nimwombe radhi. Kwa kadi! Ya mboni tena, maana sasa mkono umezoea. Safari hii niko makini: sigusi barua ya mtu. Nimenunua karatasi laini, tena tupu. Shida ni katikati. Chokoleti ilikuwa hafifu, na mke wangu anastahili dhahabu.

Dhahabu nimeipata, ukutani, ndani ya fremu. Cheti chetu cha ndoa kina muhuri mzuri sana. Nitakata hapo tu. Miaka kumi na minne sijamwona mtu akikisoma.