Nirudishieni Babu Yangu wa Zamani

Kakuyuni, Malindi.
14 Novemba, 1987.

Kwa Mratibu,
Kongamano la Nasaba kwa Njia ya Redio,
Nairobi.

Ndugu Mratibu,

KUH: BABU YANGU ALIYEHARIBIKIA KATIKA KONGAMANO LENU

Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya. Mimi si mzima, na sababu ni nyinyi.

Naitwa Laban Randu, karani mstaafu wa ghala la korosho, na kwa sasa katibu wa kikao cha ukoo wetu. Mwezi uliopita nilihudhuria kongamano lenu la kutafiti historia ya familia, lile mlilosema mtu atahudhuria akiwa kwake nyumbani, Jumamosi tatu mfululizo, redio mbele yake, fomu yenu mkononi. Nilijiandikisha kwa posta, nikapewa nambari 212. Niliingia kongamanoni nina babu shujaa. Nimetoka sinaye. Malalamiko yangu ni haya.

1. Hamkutuambia tuvae nini. Nilivaa koti la harusi yangu na tai, nikakaa wima barazani saa mbili nzima katika joto la Oktoba, nambari 212 imebandikwa kifuani kwa pini. Mtaalamu wenu alipouliza kama kuna mwenye swali, nikanyoosha mkono. Mke wangu Nyevu aliniona. Tangu siku hiyo akitaka maji husema mjumbe wa mia mbili na kumi na mbili anahitajika kisimani.

2. Mtaalamu alisisitiza tusiandike tunayotaka yawe, tuandike tunayoambiwa na waliokuwapo. Huu ni ushauri mbaya na ungefaa kupigwa marufuku. Mimi nilikuwa nimeshajaza fomu kwa wino: babu yangu Randu, shujaa, ambaye serikali ya mkoloni ilipoamuru watu wahame wavuke mto Sabaki, alisimama peke yake na upinde wake akakataa. Hadithi hii nimeisimulia miaka thelathini, harusini na matangani, na kila mwaka askari waliomkimbia walizidi kuongezeka. Haikuwa na tatizo lolote mpaka mlipoingia nyinyi.

3. Kwa kuwatii, nilikwenda kwa shangazi yangu Kanze, dada ya marehemu baba, ndiye pekee aliyebaki aliyemjua babu kwa macho. Nikamwamkia, nikampa tumbaku, nikaanza kumsomea maswali yenu ishirini. Alijibu la kwanza tu, likanitosha.

Alisema upinde babu hakuwa nao. Siku ya kuhama alikuwa wa kwanza kuvuka, maji kiunoni, kuku kwapani, na alipofika ng'ambo aliwapungia wenzake mkono wafanye haraka. Hilo ningelimeza. Lakini akaendelea. Kumbe babu hata hakuzaliwa kwetu. Aliletwa akiwa mtoto wa miaka sita hivi, katika ile njaa kubwa ya kabla ya karne hii, akaachwa rehani kwa vikapu viwili vya mahindi, na baba yake aliyeahidi kurudi kumkomboa hakuonekana tena. Mwenye nyumba alikuwa amemzika mwanawe, Randu, mwezi uleule. Akampa mtoto wa watu jina la marehemu, na mkeka wake. Jina lake mwenyewe lilikuwa Mwambire.

Shangazi aliyasema hayo huku anatafuna tumbaku, kama anayenieleza bei ya muhogo. Nikamuuliza mbona siku zote hizi alinyamaza. Akasema hakuna aliyewahi kumuuliza. Kila siku mimi ndiye niliyekuwa nasema.

4. Betri. Jumamosi ya tatu zilikuwa zimechoka, ingawa nilizianika juu ya bati tangu asubuhi. Mtaalamu akaanza kueleza kwamba mtafiti akigundua asilolitarajia asihamaki, kwa kuwa liko jambo moja tu la kufanya, nalo ni... redio ikakata. Niliipiga kofi. Niliitikisa. Nilizing'ata betri kwa meno yangu yaliyosalia. Hadi leo silijui hilo jambo moja. Kwa nini hamkulisema Jumamosi ya kwanza, betri zikiwa na nguvu?

5. Hapa ndipo ninapoumia, kwa hivyo soma polepole. Desemba iliyopita niliandika kanuni ya kikao kwa mkono wangu mwenyewe: asiyeweza kutaja vizazi vitano vya damu yake asifungue kinywa kikaoni, akae nyuma karibu na zizi la mbuzi, awachotee wenye ukoo maji. Niliitunga kwa ajili ya mtu mmoja, Dzombo, mchuuzi wa mnazi wa kunywa, ambaye baba yake alihamia hapa kutoka Kaloleni, na ambaye alikuwa akinibishia kila neno. Alitaja vizazi vitatu akakwama. Mbele ya watu nikamwita "mtu wa kuja". Akachukua kibuyu, akaenda kuchota, na amechota mwaka mzima.

Kikao kijacho ni tarehe 28. Niliwaahidi wazee, kwa majigambo, kwamba nitawasomea fomu yangu iwe mfano. Dzombo alifika vitatu. Mimi, kwa hesabu ya shangazi, ninavyo viwili na kuku. Naona haya, ndugu Mratibu. Hata jina ninaloitwa ni la mtoto wa watu wengine aliyekufa.

6. Kwa hiyo naomba:
(a) Mtangaze redioni kwamba utafiti wote uliofanywa kwa betri chakavu ni batili.
(b) Mnipe barua yenye muhuri kwamba shangazi Kanze hakujiandikisha kongamanoni, hivyo ushahidi wake haupokelewi.
(c) Hayo yakishindikana, mnigawie babu mmoja kutoka kwa washiriki waliobakiwa na wa ziada. Sichagui sana. Awe na upinde.

Nisalimie mtaalamu, mtangazaji mwenye mafua, na wote mlioketi humo ndani ya redio mkinywa chai ambayo sisi wa mbali hatukuipata.

Ni mimi mshiriki wenu mtiifu, aliyejeruhiwa,
Laban Randu (212).

N.B. 29 Novemba. Barua hii ilikaa kwa kukosa stempu, na kikao kimeshapita. Niliisoma fomu yote, pamoja na kuku, kisha nikaenda nyuma karibu na zizi nikaomba kibuyu. Dzombo alikishikilia asinipe. Akafungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu Desemba, na hakuna aliyemkumbusha kanuni. Alisema nyuma ya Mambrui iko nyumba yenye koma uani, kile kijiti cha kumkumbuka marehemu, kilichochomekwa kwa ajili ya mtoto aitwaye Mwambire. Aliachwa kwa watu wakati wa njaa, na baba yake akafa akiwa njiani kwenda kumkomboa. Kila mwaka humwagiwa mnazi. Mnazi wenyewe, anayewapelekea ni Dzombo.

Mwaka mzima mimi namchotesha maji, naye anampelekea babu yangu kinywaji.

Kanuni nimeifuta. Jumamosi ijayo tunakwenda, shangazi nyuma ya baiskeli ya Dzombo, mimi kwa miguu. Kwa hiyo (a), (b) na (c) yapuuzeni, na lile jambo moja msijisumbue kunieleza. Nitumieni fomu nyingine tu. Katika hii mliacha mstari mmoja wa jina la babu, na mimi ninayo mawili ya kuandika.