Kitambaa Mgongoni mwa Baba Mkwe

Leo nimeaibika, jamani. Si aibu ndogo ya kuteleza kisimani. Nimeaibika mbele ya kanisa zima, tena wote wakiwa wamefumba macho. (Inawezekana. Ngojeni.)

Mnanijua. Nilipotolewa shule Senior Two nikaolewa huku Masafu, kitu pekee nilichokuja nacho cha maana ni sindano ya kroshia. Mume yuko kazini Tororo, hurudi akikumbuka. Mimi hubaki na mtoto, jembe na wakwe. Kroshia ndiyo inayonizuia nisimpige mtu. Nikishika uzi, kichwa kinatulia. Mpaka Nafula alie. Nimwinue, nimnyonyeshe, nirudi nikute nimesahau nilifikia tundu lipi, nifumue mstari mzima huku natukana kwa Kiingereza. (Mama mkwe hudhani nasali.)

Sasa, leo klabu ya akina mama ilikuwa na maonyesho kanisani kwetu. Bibi mmoja wa kutoka Tororo alikuja kuchagua mwanamke mmoja, mmoja tu, akasomee huko Tororo kufundisha kazi za mikono. Kusoma! Tena unalala huko huko, na mtoto anaruhusiwa. Nimefuma kwa miezi: kitambaa kikubwa cha meza, na vingine vya migongo ya viti. Sheria ilikuwa moja. Seti isiyotimia haitazamwi.

Wenzangu hukaza vitambaa vyao kwa wanga wa muhogo. Mimi, kwa kuwa nimesoma, nikachemsha sukari. Sukari hukifanya kitambaa kisimame kama bati, na king'ae. Lakini jana mvua ilinyesha, kimoja kikakataa kukauka. Asubuhi nikakitandaza kwenye mgongo wa kiti cha mume wangu, pale mlangoni, kipate jua.

Akaja baba mkwe.

Mnajua mambo ya kwetu. Mke wa mwana hamkaribii baba mkwe. Humgusi, humpi kitu mkononi, humwiti. Unapiga magoti mbali, unasalimu, unapotea. Basi nikapiga magoti mbali, nikasalimu, nikapotelea jikoni kupika chai. Kitambaa nilikikumbuka moto umeshawaka, na mzee ameshaegemea. Anasinzia juani, ndani ya koti lake jeusi la kanisani.

Nilipochungulia tena alikuwa anaondoka. Na kitambaa changu kinaondoka naye! Katikati ya mgongo, maua meupe yametanuka, yanang'aa. Kama askofu.

Ningefanyaje? Kumwita ni mwiko. Kumgusa, usiseme. Nikafunga mtoto mgongoni, nikabeba kikapu cha vitambaa vilivyobaki, nikamfuata kwa umbali wa heshima. Njiani nikamkuta jirani yangu, Mama Wandera, naye anapeleka vitambaa vyake.

"Mama Wandera, nakuomba, mkimbilie mzee ukibandue kile kitambaa."

Akatazama. Akakaa chini katikati ya njia kwa kicheko.

"Mama Nafula! Umemtawaza?"

"Acha mchezo. Kimbia!"

"Nimguse mimi? Mkwe ni wako, kitambaa ni chako. Na mimi pia nataka kwenda Tororo, dada yangu."

(Huyo ndiye jirani. Jana alikuja kwangu kuomba chumvi.)

Huko mbele watu walimpisha mzee, vichwa vimeinama kuficha meno. Walidhani ni pambo la maonyesho. Yeye alijibu salamu kwa fimbo. Nikamsikia akimwambia mwenzake, "Leo watu iko na adabu."

Kanisani akaitwa afungue kwa sala. Akageukia madhabahu, mgongo wote kwetu. Na hapo nikamshukuru Mungu! Sala za baba mkwe zinajulikana mpaka ng'ambo ya Busia. Huombea mvua, ng'ombe, wagonjwa, serikali yetu mpya, halafu serikali ya Wakenya. Uji huiva, ukapoa, bado anaomba. Na watu wote wamefumba macho.

Nikanyata. Alipokuwa kwenye mvua, nilikuwa katikati ya kanisa. Alipofika kwa ng'ombe, nimeshika ncha. Nikavuta polepole. Sukari imeng'ang'ania. Nikavuta zaidi.

Sikuwa nimewaza habari ya sisimizi. Walikuwa wameifuata sukari tangu kwangu, na sasa wamefika shingoni. Mzee hakuwafikia hata wagonjwa.

"Amina!" Akaruka.

Khraaa! Koti likapasuka kutoka shingoni hadi kiunoni. Kanisa zima likafumbua macho. Na mimi hapo, mtoto mgongoni, mkono mmoja umeshika kitambaa na nusu ya koti, na mwingine, jamani, mwingine uko begani mwa baba mkwe. Nilijishikiza nisianguke!

Nafula akacheka. Peke yake.

Mzee hakunitazama. Akaliambia kanisa: "Mwambieni mke wa mwanangu aniachilie."

Nikaachilia. Kisha hasira ikanipanda, nami nikaliambia kanisa: "Mwambieni Baba hicho ni kitambaa changu!"

"Mwambieni sikumwomba kitambaa!"

"Mwambieni hakuombwa kuegemea!"

Bibi wa Tororo akauliza, "Kwani hawa hawasikii lugha moja?"

Mama mkwe alikuwa ameshasimama, na hukumu yake ilikuwa fupi: mwanamke aliyemgusa baba mkwe hachangamani na watu mpaka kuku wa kumtakasa achinjwe. Nikatolewa nje na kikapu changu. Nikamwomba yule bibi atazame, hata kupitia dirishani. Akanihurumia, akaja, akavishika kimoja kimoja.

"Kazi safi kabisa hii," akasema. "Mbona kimoja hakipo?"

Hicho kimoja kilikuwa kinabanduliwa kwa maji ya moto, kikitoka vipande vipande pamoja na bitana ya koti.

Anayekwenda Tororo ni Mama Wandera. Kitambaa chake cha meza kimevimba katikati kama kofia. Lakini seti imetimia.

Mimi nimekaa nyuma ya nyumba, nangoja wakubaliane kuku atoke kwa nani. Msinicheke, nina hasira ya kutosha kijiji kizima. Na kama mnataka funzo, chukueni hili: wakisema tuombe, omba.