Mjukuu Wangu Hataitwa Barton

Jumapili, 7 Septemba 2025

Leo baada ya misa ya Kiswahili Bena ametangaza. Mtoto ni wa kiume, atazaliwa mwezi ujao, na ataitwa Barton. Si jina la kwanza, hilo bado wanalitafuta. Jina la mwisho. Lile ambalo watu wa huku Marekani wanalitazama kabla ya uso wako.

Nilikuwa na sambusa mdomoni. Nikaitafuna taratibu ili nipate muda wa kufikiri.

Bena ni binti yangu wa pekee, Benadetha kwa ubatizo. Mume wake ni Marcus Barton, kijana wa Falls Church, mpole, anafunga mikono kusali kabla ya kula. Sina neno naye. Lakini mimi ni Gregori Wambura wa Tarime. Wambura ni baba yangu, Mungu amrehemu, na mimi sikujaliwa mtoto wa kiume. Nikifa leo, jina la mzee linashuka nami kaburini. Huyu mjukuu ndiye nafasi iliyobaki.

Christopher alikuwa pale penye chupa za chai. Huwa yuko mahali popote ambapo mambo yangu yanaharibika. Ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogondogo hapa Takoma Park, mtu wa Bukoba, na mjukuu wake kwa binti anatumia jina lake kwa sababu mkwe hakubisha. Akanipa mkono akaniita Babu Barton. Watu wakacheka. Mke wangu Leokadia alicheka pia. Nimemwona.

Nimeanza novena, sala za siku tisa, kwa Mtakatifu Yuda Tadei. Nimeanza pia kupanga.

Jumanne, 9 Septemba

Maktaba. Nimeenda baada ya kazi, na sare yangu ya uangalizi wa jengo, mafuta ya bomba bado yako kwenye kucha.

Hoja yangu ni hii. Kwetu ukoo una mwanzilishi, una mnyama wake, una miiko. Jina la ukoo halichezewi. Basi nikitaka kuwashinda akina Barton lazima niujue ukoo wao. Nikamwomba Bilha, Mkenya anayefanya kazi pale, anitafutie mnyama wa Wabarton.

Bilha alinitazama kwa upole. Akatafuta kwenye kitabu kinene cha majina. Akasema pole Mzee Gregori, hawa watu hawako na mnyama. Wako na shayiri.

Nikamwambia anisomee tena. Barton, kwa Kiingereza cha zamani sana, ni shamba la shayiri, au uwanja wa kuwekea nafaka. Ni jina la kijiji. Mtu alihama kijiji chake, akafika kingine, wenyeji wakamwita yule wa Barton. Basi. Jina likabaki kwa watoto. Na vijiji vyenye jina hilo viko tele Uingereza, maana mashamba ya shayiri yalikuwa tele. Barton wa huku na Barton wa kule wanaweza wasiwe na tone la damu moja.

Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Kumbe si ukoo. Ni anwani. Mjukuu wangu anapewa anwani ya shamba la Uingereza ambako hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kung'oa gugu. Na shayiri tunajua inapikiwa nini. Mimi niko kwenye chama cha kutokunywa pombe tangu Kipaimara.

Bilha akauliza Wambura nayo maana yake nini. Nikasema aliyezaliwa wakati wa mvua. Akauliza kama kila aliyezaliwa wakati wa mvua ni ndugu yangu. Nikaona jioni imeingia, nikaaga.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimekusanya ushahidi. Bilha alisema majina haya yako kila jimbo, hata hapa mjini wapo wengi. Ni kweli. Ukianza kuwatafuta, Wabarton wanakuwa kama mchwa.

Wa kwanza yuko jengo letu, mama wa ghorofa ya tatu. Sinki lake liliziba. Nikiwa nimelala chini ya sinki nikamuuliza kama ana undugu na akina Barton wa Falls Church. Akasema jina hilo aliachiwa na mume waliyeachana, na kama ninawafahamu wengine nimwambie wanakaa wapi ili asipite hapo.

Wa pili ni daktari wa meno huko Greenbelt. Sikuwa na shida ya jino. Ilibidi nijifanye ninayo ili nipate miadi. Akasema wazee wake walitoka Ayalandi. Nilitaka kumuuliza shamba la shayiri lilifikaje Ayalandi lakini mikono yake ilikuwa mdomoni mwangu. Nimetoka na jibu moja na pengo moja.

Hakuna anayemjua mwenzake. Hakuna hata anayetaka kumjua.

Nimempigia Marcus nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema Baba, inavutia sana. Kisha Bena akachukua simu. Bena anaelewa kila neno la Kiswahili lakini hunijibu kwa Kiingereza, tangu akiwa darasa la pili. Akasema jambo hili limekwisha. Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba ndiyo kwanza linaanza. Akanitakia usiku mwema.

Jumamosi, 13 Septemba

Falls Church. Treni mbili na basi. Nimebeba sukari na majani ya chai, maana huendi kwa mkwe mwenzako mikono mitupu hata kama unakwenda kumnyang'anya mjukuu. Leokadia amekataa kuja. Amesema nimsalimie Mzee Barton, na nisimtie aibu.

Mzee Barton, baba yake Marcus, ni Mmarekani mweusi, fundi wa kompyuta aliyestaafu. Mtu mrefu, haongei sana. Tulikaa nyuma ya nyumba, magari ya barabara kuu yanasikika. Nikamweleza kuhusu shayiri, vijiji, mama wa ghorofa ya tatu na jino langu. Nikahitimisha kwa heshima kwamba Barton si ukoo, ni anwani, kwa hiyo hakuna wa kuumia tukiiacha.

Akasema hata si anwani yao. Ni ya mtu aliyewamiliki.

Akanieleza. Babu wa babu yake alizaliwa mtumwa, huku huku Virginia, kwenye shamba la mtu aitwaye Barton. Uhuru ulipokuja angeweza kuchukua jina lolote. Wenzake walichagua mengine, mazuri zaidi. Yeye akabaki na Barton, na si kwa kumpenda yule mtu. Alikuwa na dada. Huyo dada aliuzwa kusini akiwa msichana mdogo. Akafikiri dada akirudi kutafuta watu wake, jina atakaloulizia ni hilo, kwa sababu ndilo pekee alilolijua.

Nikamuuliza kama alirudi.

Akasema hapana. Ndiyo maana bado wanaitwa hivyo.

Nilisali Salamu Maria moja kimoyomoyo kwa ajili ya yule dada. Kisha nikaingia kwenye hoja ya pili, kwa sababu nauli ya kurudi ilikuwa ileile.

Hoja ya pili ni nzito kuliko ya kwanza. Bena alipoolewa nilikataa mahari. Nilisimama mbele ya jumuiya nzima nikasema mimi siuzi binti, nikapigiwa makofi, hata Christopher ilimbidi apige. Sasa kwetu Tarime ni ng'ombe ndio wanaompeleka mtoto kwa baba yake. Ng'ombe hawajatoka, mtoto ni wa babu mzaa mama. Hakuna ng'ombe aliyetoka Falls Church. Nikamweleza hivyo Mzee Barton, polepole, ili isimshtue.

Hakushtuka. Akauliza ni ng'ombe wangapi. Nikaona nisiwe mlafi, maana jibu lolote lilikuwa sawa, mtu anayekaa mjini atapata wapi ng'ombe. Nikasema kwa heshima yake, hata mmoja tu angetosha. Akauliza dume au jike. Nikasema jike. Akauliza rangi. Nikasema rangi yoyote, sisi si watu wagumu.

Nimerudi nikiimba kwenye treni. Mtu mmoja amehama kiti.

Jumapili, 14 Septemba

Nimemwambia Christopher baada ya misa. Ng'ombe hakuna, mtoto hakuna. Nilitaka tu kuona sura yake.

Akauliza itakuwaje wakimleta. Nilicheka mpaka mhudumu wa mlangoni akanitazama. Nikamwambia siku ng'ombe wa Mzee Barton atakapofika Takoma Park, yeye Christopher awe mshenga, ashuhudie na kutangaza. Akakubali upesi kuliko nilivyopenda.

Leokadia amekuwa kwenye simu jioni nzima. Anasema ni mambo ya kikundi cha akina mama.

Jumamosi, 20 Septemba

Amekuja.

Saa nne asubuhi gari la mizigo limeingia kwenye maegesho yetu. Marcus anaendesha, Mzee Barton kando yake amevaa suti. Nyuma kuna maboksi yenye barafu. Binamu yake Mzee Barton anafuga huko ndani Virginia. Ng'ombe mzima, jike, ameshachinjwa. Mapaja, mbavu, utumbo umesafishwa, kichwa kipo. Ngozi ilikuwa imekunjwa juu kabisa, na hapo ndipo nilipoelewa. Mmarekani hawezi kujua kwamba ngozi ya ng'ombe wa mahari lazima ionekane. Simu ile haikuwa ya akina mama.

Leokadia akapiga vigelegele peke yake, katikati ya magari. Madirisha yakafunguliwa. Mama wa ghorofa ya tatu naye akatoa kichwa. Alipoambiwa aliyesimama pale ni nani, akakirudisha.

Nikatoa pingamizi. Nikasema ng'ombe wa mahari huja kwa miguu yake. Leokadia akasema sawa Baba Bena, angekuja kwa miguu ungemlaza wapi, sebuleni au kwenye lifti? Nikasema basi apelekwe kwenye friza kwanza, tutafakari. Akasema friza yetu haitoshi hata kichwa chake. Nyama isipopikwa leo itaharibika, na kumwaga chakula ni dhambi, yeye hatakuwepo nikienda kuungama hilo.

Christopher alikuwa amekuja na aproni yake mwenyewe.

Tumechomea kwenye bustani ya jirani, kwenye yale majiko ya chuma ya umma. Jumuiya nzima imekuja, na Bilha wa maktaba pia. Mimi nilikuwa nimeamua. Mahari haijapokelewa mpaka baba wa binti aonje. Kwa hiyo sitaonja. Nikasema tumbo linanisumbua. Nikakaa kwenye benchi la mbali na rozari yangu. Upepo ulikuwa unatoka kwenye jiko kuja kwenye benchi. Nikahama benchi. Upepo nao ukahama.

Nilikuwa kwenye tendo la nne la uchungu, ingawa Jumamosi husaliwa ya furaha, nilipomwona Mzee Barton anakuja. Amebeba sahani kwa mikono miwili, ameinama kidogo, kama alivyofundishwa. Juu kuna ini. Watu wote wanatazama. Mtu mzima, amevaa suti, amesimama juani amekuinamia na sahani. Hakusema lolote kuhusu mjukuu. Alisema anatumaini nitalipenda, kwa Kiswahili, maneno mawili ya kwanza yakiwa sahihi.

Nimekula. Ni lazima niandike ukweli: ini lilikuwa laini sana, na chumvi imekaa mahali pake.

Vigelegele. Christopher akapanda juu ya meza akatangaza kwamba yeye mshenga ameona kwa macho yake, mahari imeliwa, mtoto ni Barton. Kisha akashuka akachukua ubavu mwingine.

Alhamisi, 9 Oktoba

Amezaliwa leo asubuhi. Kilo tatu na kitu. Bena mzima, mtoto mzima. Atukuzwe Bwana.

Jina lake ni Wambura Barton. Marcus ndiye aliyelipendekeza hilo la kwanza. Hakuniambia mapema, alitaka iwe zawadi. Leokadia akasema kwetu mzee anarithiwa hivyohivyo, jina la mbele, hilo ndilo utakaloitwa ukitakiwa kula, hayo ya mwisho tumeyakuta kwenye pasipoti. Akasema nimepata nilichokitaka, sasa nishukuru.

Nimeshukuru. Ingawa nje hakukuwa na mvua, hata wingu. Nimeona nisiwaambie.

Muuguzi alipoita mtoto wa Barton kwenye ukumbi, Mzee Barton alisimama na kuvua kofia, akabaki ameishika mpaka jina lilipoitwa mara ya pili. Nami nikasimama. Nilimkumbuka yule dada. Nikamshika mkwe mwenzangu mkono, tukaingia pamoja.

Jumapili, 12 Oktoba

Misa. Pongezi. Christopher ameniita tena Babu Barton, mbele ya padri. Nikamwambia mjukuu wangu jina langu liko mbele, la mjukuu wake liko nyuma kama mkia. Akasema huku mkia ndio unaoandikwa kwenye cheti. Padri akatuomba tupeane amani.

Ameniharibia chakula cha mchana. Nikakaa na kutafakari. Mara nikapata mwanga, na naamini ni novena imejibiwa, ingawa kwa kuchelewa.

Ng'ombe alikuwa mmoja. Mimi mwenyewe ndiye niliyetaja. Mmoja! Na mtoto ni mmoja. Basi ng'ombe amekwisha kazi yake, hata mchuzi umekwisha. Bena anasema wanataka mtoto wa pili, na huyo hajatolewa hata kwato. Huyo ataitwa Wambura jina la mwisho, herufi zote. Nimemwandikia Mzee Barton leo hii kumweleza utaratibu, kwa upendo, ili ajue mapema.

Amejibu upesi. Anasema hakuna shida, binamu yake ana zizi zima. Nadhani anajisifu tu.