Baisikeli ya Salehe Ilivyonifikisha Ukweni

Leo nimepatikana.

Nawaandikia nyinyi wa barazani Pangani leo leo, kabla habari haijapanda basi ikafika huko imeota mkia. Mtasikia kwamba niliumwa na mbwa. Uongo. Mtasikia kwamba niliingia ukweni bila nguo. Uongo (nusu). Mtasikia kwamba niliposa huku nimefungwa kwa mnyororo kama mahabusu. Hilo ni kweli, na afadhali mlisikie kwangu.

Mnajua nilikuja Dar es Salaam mwaka jana, nikapanga chumba Kariakoo kwa nia ya kukaa miezi miwili. Ndiyo kawaida yangu. Lindi nilikaa mitano, Tabora minane, Unguja hata sikumbuki. Lakini hapa nikamwona Bi Tatu wa Kisutu, mkaanga vitumbua, na safari zikanitoka mwilini.

Tatizo ni shangazi yake, Bi Mwanahamisi. Mume wa kwanza wa Bi Tatu aliaga kwamba anakwenda Mombasa wiki mbili. Baada ya miaka mitatu ikaja talaka kwa posta. Tangu siku hiyo shangazi ana jibu moja kwa kila anayebisha hodi: "Hatuozi tena mwenye miguu myepesi."

Na miguu yangu, jamani, mnaijua.

Hata hivyo niliandika barua ya posa, kwa mwandiko wa shule, kila herufi imesimama wima kama askari wa gwaride. Leo baada ya adhuhuri mshenga wangu, Mzee Shomari, akaja kuichukua. Nikaifunga bahasha katika leso nyeupe, nikamkabidhi kwa mikono miwili, naye akaondoka polepole na bakora yake. Mimi nikabaki, maana desturi ndivyo inavyotaka. Mposaji haonekani ukweni siku ya posa. Anavaa vizuri, anakaa kwake, anatoka jasho. Nikavaa kanzu yangu mpya ya bafta na kofia ya kushonwa kwa mkono. Nikatoka jasho.

Ilipokaribia alasiri nikaanza kupanga vitabu vyangu mezani, mikono tu ipate kazi. Chini ya kitabu nikaona bahasha. Nikaifungua.

"Kwa heshima na taadhima, naleta posa yangu..."

Posa yangu! Mezani!

Sasa Mzee Shomari kaenda na nini? Nikakumbuka. Mwezi jana, siku moja miguu iliponiwasha, niliandika barua ya kuomba kazi katika meli za ziwani, kule Kigoma. Sikuipeleka posta. Sikuichana pia (ndiyo tabia yangu, siku zote naacha mlango mmoja wazi). Bahasha zote nilizitoa katika pakiti moja. Na maneno ya barua ile nayajua kwa moyo, maana nilipoyaandika nilijisifu: "Sina mke, sina mtoto, sina shamba. Hakuna kinachonizuia kuondoka hata kesho asubuhi."

Hayo ndiyo yanakwenda kusomwa mbele ya Bi Mwanahamisi!

Nikatia barua ya posa ndani ya kofia, kofia nikaibana kichwani, nikatoka mbio mpaka barazani kwa jirani yangu Salehe, fundi cherahani.

"Salehe, baisikeli yako!"

"Ya kufanyia nini?"

"Ya kupanda!"

Akaacha kushona. "Wewe? Si ni wewe leo asubuhi, kwenye kahawa, uliyesema wapanda baisikeli wote wa Mnazi Mmoja wapigwe bakora hadharani?"

Kweli nilisema. Nilisema kwa sauti, nikaungwa mkono. Ile njia ya kukatisha uwanja wa Mnazi Mmoja kwenda upande wa Kisutu upana wake haufiki hatua tatu, na kila mtu anaiona ni yake. Wanaotoka sokoni na vikapu wanasema ni ya waenda kwa miguu. Wauza samaki wenye matenga nyuma ya baisikeli wanasema ni yao, samaki hangoji. Na alasiri wanakuja wapishi wa Uzunguni kuwatembeza mbwa wa mabwana zao. Hao hawasemi kitu. Mbwa wanawasemea. Mimi, niliyekwenda kwa miguu miaka ishirini na tano, nilikuwa wakili wa watu wa vikapu.

"Salehe, nitakueleza nikirudi. Nikirudi mzima."

"Haya chukua. Lakini sikiliza mambo mawili. Kwanza, breki haina, tumia kiatu. Pili, kanzu..."

Sikuisikia ya pili. Nilikwishaondoka.

Baisikeli nilijifunza Unguja, nikiwa kijana. Mwili haukusahau kupanda. Kushuka ndiko ulikosahau. Kengele nayo ilikuwa mfano wa kengele, unaibonyeza, inakutazama. Nikapiga kwa mdomo.

"Ngriiing! Ngriiing! Jamani, ngriiing!"

Watu wakagawanyika. Mama mmoja mwenye kikapu cha nazi kichwani akaruka pembeni, na kikapu kikabaki kimetulia (hodari yule!).

"Mzee mzima na kanzu yako! Huoni haya?"

"Naona, mama! Sina breki!"

Mbele kidogo alikuwa ameketi Athumani, muuza kahawa wetu, ambaye alasiri huhamishia mabirika yake uwanjani. Aliniona nikija. Akainuka, akanyoosha mkono kama askari wa barabarani, akatangazia wateja wake wote: "Huyoo! Huyu ndiye aliyesema wapanda baisikeli wachapwe bakora! Nani ana bakora?"

Wakacheka mpaka vikombe vikalia. Nikapita. Nilikuwa natafuta kwa macho kofia ya Mzee Shomari, labda amesimama kusalimiana na mtu. Mzee yule kwa salamu hana mfano, kutoka Kariakoo mpaka Kisutu anaweza kuuliza hali za watu arobaini na mbuzi wao. Leo, kwa bahati yangu, hakukutana na mtu.

Ndipo nikamwona mpishi.

Alikuwa mtu mzima, shati jeupe, kofia safi, anatembeza jibwa la rangi ya chai ya maziwa, kubwa kama ndama. Sasa sikilizeni alivyolitembeza. Hakushika kamba. Kamba ya mbwa ameifunga kwenye ncha ya mpini wa ufagio, na yeye ameshika ncha ya pili, mkono umenyooka kabisa, ili mbwa asimguse akamharibia udhu. Mbwa ukingo huu wa njia, mpishi ukingo ule, na mpini umelala katikati kama kizuizi cha reli.

"Ngriiing!"

"Pita kushoto!" akaniambia mpishi.

"Kushoto kuna mbwa!"

"Basi kulia!"

"Kulia kuna wewe!"

Nikatia kiatu chini. Kiatu kikabaki nyuma, mimi nikaendelea. Mpishi akainua mpini juu ili nipite chini yake, na kwa kweli nilipita, nikainamisha kichwa vizuri sana. Nikasikia krrrrap! Baisikeli ikasimama ghafla kama punda aliyekumbuka nyumbani. Nikaanguka upande wa mnyororo.

Kanzu! Hiyo ndiyo ya pili aliyotaka kusema Salehe: ipandishe kanzu, uifunge kiunoni, maana mnyororo hauna kifuniko. Umelila pindo mpaka karibu na goti. Nikiwa chini hivyo, najaribu kujichomoa, jibwa likanijia kwa furaha, likanilamba uso. Kuanzia kidevu mpaka paji. Kisha likaokota kofia yangu iliyoanguka, likakaa nayo mdomoni kwa adabu.

Mpishi akanitazama kwa huruma kubwa.

"Amekulamba?"

"Amenilamba."

"Nawa mara saba, bwana. Moja kwa udongo." Akavuta pumzi. "Mimi mwaka wa nne huu, hajanigusa hata unywele."

Tukajaribu kuitoa kanzu. Nikaizungusha pedali nyuma, mnyororo ukala shibiri nyingine. Nikataka kuivua kanzu kabisa, nikakumbuka kilichokuwa chini yake: fulana, na kaptura ya ndani yenye kiraka cha kitambaa cha mto. Nikaghairi. Tukagundua kwamba baisikeli inakubali jambo moja tu, kusukumwa mbele. Ikienda mbele, salama. Ikirudi nyuma hata hatua moja, inanila.

"Basi nenda mbele," akasema mpishi.

"Kofia yangu?"

"Hataitoa mpaka tufike. Namjua huyu."

Hivyo ndivyo tulivyoingia Kisutu. Mimi nimeinama, nimeshonwa na baisikeli, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, nachechemea kama kuku aliyefungwa kamba. Nyuma yangu mbwa mwenye kofia. Nyuma ya mbwa mpini wa ufagio. Nyuma ya mpini mpishi, anaomba radhi kwa kila tunayempita. Na nyuma ya mpishi Athumani na wateja wake, vikombe mkononi, hawataki kukosa kitu.

Barazani kwa Bi Mwanahamisi mkeka umetandikwa. Mzee Shomari ameketi, anatabasamu, hajui lolote. Bwana Hamza, kaka yake Bi Tatu, karani wa bandarini, ameshika karatasi na anasoma kwa sauti ya ofisini:

"...sina mtoto, sina shamba. Hakuna kinachonizuia kuondoka hata..."

"Siyo hiyo!" nikapiga kelele. "Bwana Hamza, siyo hiyo!"

Bi Mwanahamisi akajitanda kanga vizuri, akanitazama kutoka mguu wenye kiatu mpaka kichwa kisicho na kofia.

"Shomari," akasema, "mposaji wako kaja mwenyewe?"

Mzee Shomari akafumba macho. Nadhani alikuwa anaomba dua afe pale pale.

"Shikamoo, shangazi," nikasema. Ananizidi miaka kumi tu, lakini hapo ningemwamkia hata mbwa.

"Marahaba. Barua gani hii?"

"Ni ya kazi. Niliiandika mwezi jana. Ya posa ipo, iko ndani ya kofia."

"Kofia iko wapi?"

Wote wakamgeukia mbwa. Mbwa akatikisa mkia. Ute ulikuwa unachuruzika kwenye kofia kama asali kwenye mzinga. Bwana Hamza akarudisha miguu yake juu ya mkeka. Hakuna aliyenyoosha mkono. Nani aiguse?

"Basi," akasema Bi Mwanahamisi, "kama barua haishikiki, sema kwa mdomo wako."

Jamani! Nani amewahi kusikia mtu kajiposea mwenyewe, mbele ya mshenga wake, kainama, anashikilia usukani? Maneno yote mazuri yalikuwa mdomoni mwa mbwa. Nikabaki na haya tu:

"Shangazi, hiyo aliyosoma Bwana Hamza ni kweli tupu. Nimeishi hivyo. Miji yote niliyokaa nimeondoka mbio. Leo ndiyo mara ya kwanza katika umri wangu nafika mahali mbio."

Bi Mwanahamisi akamgeukia mpishi. "Wewe ni nani yake?"

"Si mtu wake, bibi. Tumekutana njiani. Mimi ni wa mbwa."

"Mbona anasimama hivyo? Kwa nini harudi nyuma akaiweka hiyo baisikeli?"

"Hawezi kurudi nyuma, bibi. Akirudi nyuma, inamla."

Bi Mwanahamisi bega likaanza kumtikisika. Kisha la pili.

"Hamza, nisomee tena pale."

"'Hakuna kinachonizuia kuondoka...'"

"Mh! Mie naona kipo." Akashika mbavu, akacheka, akacheka mpaka kanga ikamtoka kichwani, na Athumani na watu wake huko nyuma wakapokea. Ndani, nyuma ya pazia la mlango, nikasikia kicheko kingine, kile ninachokijua, cha asubuhi za vitumbua.

"Shangazi," likasema pazia, "nilete mkasi?"

Bi Mwanahamisi akajifuta machozi. "Mkasi ulete. Lakini wewe sema kwanza, kabla hajafunguliwa. Huyu wa leo hakimbii."

Mimi nikasahau mgongo, nikasahau najisi, nikasahau kiraka.

"Mwambieni," likasema pazia, "nimekubali. Lakini baisikeli asinunue."

Vigelegele! Mzee Shomari akafumbua macho, akaanza kusalimiana na kila mtu upya, akasema toka mwanzo alijua. Athumani akagawa kahawa barazani. Mpishi naye akapewa kikombe, akakipokea kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa bado umenyooka na mpini. Mkasi ukaja, Bwana Hamza akakata pindo la kanzu yangu kwa kicho kama anayekata kitovu. Kipande kile Bi Mwanahamisi kakichukua, kakikunja, kasema anakiweka kabatini pamoja na ile barua ya meli. Siku nikifungasha mzigo atavitoa vyote viwili aviweke mlangoni.

Salehe amekwishaniona na nusu kanzu yangu. "Ile ya pili," kasema, "nilitaka kukuambia..." Nikamwambia nashukuru hakuimaliza.

Sasa nimejifungia chumbani nawaandikia. Nimenawa mara sita, ya saba ni ya udongo na udongo wa Kariakoo wenyewe una mashaka, kwa hiyo kesho nitauchukua pwani. Kuhusu njia ya Mnazi Mmoja, nimebadili shauri langu la asubuhi: wapanda baisikeli wasipigwe bakora, huenda mmoja wao anakwenda kuposa.

Harusi ni mwezi ujao, na nyote mmealikwa. Chekeni sasa huko huko mmalize, halafu mje kwa miguu.